Bwawa Lisilo na Leseni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alichukua kopo la pumba na kushuka hadi kwenye bwawa la samaki nyuma ya nyumba yao. Jina hilo alipewa na bibi yake, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Hata perege aliwasemesha: "Haya, pangeni mstari, msisukumane."

Asubuhi hiyo hakuna samaki aliyekuja kula. Walikuwa wakielea matumbo juu, bwawa zima jeupe. Kopo likamponyoka. Akakimbia kumwita baba yake.

Baba alipofika, aliketi topeni. Jirani yao, muuza samaki, akachungulia juu ya ua.

"Wabichi bado hao. Nipe nikawakaange kabla jua halijawa kali."

"Hatujui kilichowaua," baba akajibu. "Siwezi kulisha watu nisichokila mwenyewe."

Wakawafukia wote.

"Baba, tumwite afisa uvuvi," Chiriku akasema.

"Tukimwita tutajipalia makaa, mwanangu. Hatuna leseni. Na mdomo wako uufunge, hata shuleni."

Wiki ile ile afisa uvuvi, mama mmoja mpole, aliitisha mkutano wa wafugaji wa samaki, wazi kwa kila mtu. Wakubwa wake walitaka kujua kama utaratibu wa leseni unawafaa watu. Chiriku aliandamana na baba yake.

"Kuna mwenye tatizo lolote na leseni?" afisa akauliza.

Watu wakatazama viatu vyao.

"Basi nitaandika kwamba mambo ni shwari."

Chiriku aliinua mkono. Akasimama. "Shikamoo, mama. Mambo si shwari. Samaki wetu wote wamekufa, na hatukukuita kwa sababu hatuna leseni."

Baba akamtazama binti yake kana kwamba hamjui. Kisha, polepole, akasimama kando yake.

"Mtoto amesema kweli. Nilipoomba leseni, ofisi ya maji ilinituma ofisi ya mazingira, mazingira wakanituma kwako, na kwako nikaambiwa nianzie maji. Nimezungushwa kama pia. Nikachoka, nikachimba bwawa langu."

"Hata mimi," fundi cherehani akasema kutoka nyuma.

"Na mimi."

Mikono ikainuka mmoja baada ya mwingine, hadi karibu ukumbi mzima. Afisa akaketi. Miaka yote hiyo alidhani wasio na leseni ni wachache tu.

Alasiri hiyo alikuja bwawani na mtaalamu wa maji. Vipimo vilionyesha sumu: mvua ilikuwa imekokota dawa ya wadudu kutoka bustani za mlimani hadi kwenye mfereji uliojaza bwawa lao. Muuza samaki aliposikia, alishika kichwa. Angewakaangia wateja wake sumu.

Baadaye utaratibu ulibadilishwa. Maombi yakawa yanapokelewa kwenye dirisha moja, na wataalamu wote wakawa wanakagua bwawa pamoja kabla samaki hawajaingizwa. Baba alichimba mfereji mwingine, na afisa mwenyewe akamletea leseni.

"Wewe binti uliniaibisha mbele za watu," akamwambia Chiriku.

Chiriku akafungua mdomo kujitetea, lakini afisa akamwahi.

"Nilistahili. Baba yako alikosea kuficha, nasi tulikosea kuifanya njia ya halali iwe ndefu kuliko ya kificho. Mficha maradhi, kifo humfichua. Mshukuruni Mungu kwamba safari hii kiliishia kwa samaki."