Sauti ya Fundi Redio

Marehemu baba yangu alikuwa fundi redio. Chumba chetu cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya risasi ya kulehemu, namkumbuka.

Baba alijua kuiga sauti za watu. Mteja akishatoka, alimwiga anavyokohoa na anavyoomba apunguziwe bei. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Siku zile zilikuwa tamu, jamani.

Dada yangu mkubwa alikuwa na kigugumizi. Yeye baba hakumwiga hata siku moja. Alimpenda mno.

Siku moja seremala wa mtaa wa pili alikuja kuchukua redio yake. Naye alikuwa na kigugumizi. Alipotoka tu, baba akaanza: "Re-re-redio yangu i-i-imepona?" Tukaangua kicheko. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, nakiri. Kumbe seremala alikuwa amesahau kofia, na sasa amesimama mlangoni. Aliichukua, akainamisha kichwa, akaenda zake.

Baba alisema ni utani tu, utapita. Lakini jioni ile dada hakusema neno. Kesho yake vilevile. Siku ya nne akamwandikia mama kwenye karatasi kwamba shule hataki tena.

Mama alimwita jirani yetu muuguzi, mtu asiyemung'unya maneno. Alimkuta baba mezani, bisibisi mkononi.

"Shemeji, ulichofanya kinaitwa kejeli," alisema.

Baba akajitetea kwamba alikuwa anatania.

"Utani ni wa watu wawili, na wote wanacheka. Kejeli ni kumcheka mtu kwa kumdharau. Mtazame usoni yule unayemcheka. Kama hacheki, au umengoja aondoke kwanza, hiyo ni kejeli."

Baba akauliza kama sasa kucheka ni dhambi. Muuguzi alimjibu kwamba hata kejeli ina mahali pake. Mkubwa anayeonea watu akikejeliwa, huenda akaona aibu akajirekebisha. Lakini seremala alikuwa amemwonea nani?

Kisha akasema polepole, "Binti yako anajiuliza unamwiga vipi yeye, akishatoka chumbani."

Baba aliweka bisibisi chini. Machozi yalimlengalenga.

Kesho yake alikwenda kwa seremala, akamwomba radhi mbele ya wafanyakazi wake wote. Seremala alihangaika na jibu lake, na baba akasubiri mpaka likatoka: "Ya-yamekwisha, fundi. Sasa ji-jiige mwenyewe."

Basi jioni baba alijiiga mwenyewe. Miwani ikiwa puani, alizunguka chumba kizima akitafuta bisibisi aliyoichomeka sikioni. Tulicheka. Dada alitikisa kichwa.

"Si-si hivyo, baba," alisema. "Wewe hu-huanza kumlaumu mama."

Akanyanyuka, akavaa ile miwani, akamwonyesha. Baba alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jumatatu dada alirudi shule. Alisoma kwa sauti, taratibu, mpaka mwisho wa ukurasa.

Baba ametutoka miaka mingi sasa. Tukikusanyika, tunamwomba dada amwige. Anavaa miwani, anapapasa sikio, anaita, "Ma-mama watoto, bisibisi yangu umeiweka wapi?" Anakwama katikati ya maneno, na hakuna anayemharakisha. Kwa dakika moja baba anarudi chumbani.

Na mimi namjua baba yangu. Angekuwepo, angecheka kutushinda sote.