Kozi Ni Fupi, Kibali Ni Lazima

Mama Pacha alirudi kutoka kazini na vumbi jeupe la plasta kwenye nyusi. Alikuwa fundi wa miguu ya bandia katika karakana ya hospitali. Hata kunawa hakunawa. Alivuta kiti cha jikoni, akafungua simu, akasoma. Kisha akaitua mezani kwa kishindo.

"Wamekataa tena!"

Mumewe alikuwa akimenya viazi. "Sababu?"

"Ileile. Wageni wa matembezi hawaruhusiwi kuingia kwa sasa. Kwani nani kawaambia naenda kutembea? Naenda kusoma!"

Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha nchi nyingine, ajifunze kutengeneza goti linalokunjika. Miguu ya karakana yao ilinyooka kama mpini wa jembe. Aliyevaa mguu huo aliweza kutembea, lakini kukaa kitini kulikuwa kazi. Mguu ulibaki umetangulia mbele, wapita njia wakijikwaa. Kozi yenyewe ilikuwa ya miezi michache tu. Tatizo lilikuwa ugonjwa wa kuambukiza. Ulikuwa umeenea, na nchi nyingi zilikuwa zimebana mipaka yao.

Maombi yote mawili yaliyokataliwa alijaziwa na shemeji yake. Watu walimwita Njia Fupi, na jina halikukosea. Jioni hiyo naye alikuwepo, amejiegemeza dirishani.

"Shemeji, usijali," alisema. "Nina jamaa yangu. Atakutengenezea barua ya chuo, iseme kozi ni ya mwaka mzima. Hapo watakupa kibali cha mwanafunzi bila maswali."

"Si wewe uliyesema kozi fupi haihitaji kibali?"

"Nilisema kweli. Ila mambo yamebadilika."

"Na barua hiyo si uongo?"

"Si uongo. Ni marekebisho."

Mama Pacha alishika kichwa. Alikuwa ameupigia ubalozi simu hadi watoto wake pacha wakakariri muziki wa kusubirishwa. Sasa walikuwa wakiuimba chumbani. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

"Huyo jamaa yako anapatikana wapi?" akajikuta anauliza.

"Msithubutu!"

Sauti ilitoka mlangoni. Ilikuwa ya jirani wa ghorofa ya juu, aliyeshuka kuuliza kama maji yanatoka. Yeye alifanya kazi katika chuo kimoja cha hapo mjini, kwenye ofisi inayopokea wanafunzi wa kigeni.

"Mnisamehe, mlango uko wazi na mnaongea kama mko mnadani," alisema. "Barua ya kughushi itakuharibia, Mama Pacha. Wakiuliza chuo, chuo kitakukana. Unaweza kufungiwa kuingia kwa miaka."

"Sasa nifanyeje, dada? Naambiwa kozi ni fupi, kibali cha nini. Nikienda bila kibali, naambiwa mpaka umefungwa. Huu ni mchezo gani?"

Jirani alivuta kiti. "Fikiria nyumba yenye milango miwili. Mmoja wa wageni wa matembezi, mwingine wa wanafunzi. Siku za kawaida, baadhi ya nchi humruhusu mtu wa kozi fupi apite mlango wa wageni. Sasa mlango huo huenda umefungwa. Wa wanafunzi unaweza kuwa wazi, lakini lazima uombe kibali, hata kama kozi ni fupi. Na chuo chako kiwe kimeruhusiwa kupokea watu wa nje wakati huu."

"Una uhakika?" Njia Fupi aliuliza.

"Kwa nchi hiyo, sina. Kila nchi ina sheria zake, na siku hizi zinabadilika kama upepo. Ndiyo maana hatuulizi majamaa. Tunawauliza wenyewe."

Wakafungua tovuti rasmi ya ubalozi. Wakakiandikia chuo pia. Baada ya siku chache jibu likaja: chuo kimeruhusiwa, na mwanafunzi wa kozi fupi anaweza kuomba kibali.

"Kwenye fomu wanauliza kama niliwahi kukataliwa," Mama Pacha alisema. "Niseme hapana?"

"Sema ndiyo, na ueleze kwa nini. Kumbukumbu wanazo."

Akadhani mambo yameisha. Thubutu! Siku ya kuchukuliwa alama za vidole ubalozini, mashine ilimkataa. Plasta na tupa ya kusugulia vilikuwa vimemlainisha ncha za vidole kama kokoto za mtoni.

"Weka tena," karani alisema.

"Nimeweka!"

"Bonyeza zaidi."

"Nikibonyeza zaidi nitaivunja meza yako, mwanangu!"

Karani alicheka, akampa tarehe nyingine. "Pumzisha mikono, mama. Paka mafuta kila siku, usishike plasta."

Mkuu wa karakana akamhamishia kwenye kupima wagonjwa. Nyumbani mumewe alifua na kuosha vyombo, huku akinung'unika kwamba hata vidole vya malkia havitunzwi hivyo. Safari ya pili, mashine ilikubali. Akapima afya kama alivyoagizwa, akasubiri.

Kozi ikaanza bila yeye. Alilia. Kisha akaandikia chuo, nacho kikamhamishia kwenye kundi lililofuata. Kibali kilifika kundi hilo likiwa bado halijaanza.

Mpakani, mwanamume aliyekuwa mbele yake alikuwa na viza ya matembezi. "Lakini kozi yangu ni fupi!" alilalamika. Wakamweka pembeni. Mama Pacha alitoa kibali na barua ya chuo. Afisa alisoma, akagonga muhuri. Alikaa karantini, akiukodolea ukuta macho hadi ukuta ukamchosha. Halafu akasoma kozi yake.

Aliporudi, mteja wa kwanza wa goti jipya alikuwa mzee fundi cherehani. Mzee alikaa kwenye benchi. Mguu ukakunjika taratibu, ukatulia chini yake. Akautazama. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena, akakaa tena, machozi yakimtoka.

"Mzee wangu, inatosha," alisema mama mmoja kwenye foleni ya magoti mapya, mikono kiunoni. "Na sisi tunataka kukaa!"