Mtoto wa Pili Kwenye Moshi

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alizipiga kiwi buti za baba yake huku akiongea. Jina hilo la utani alipewa na mama yake, fundi cherehani, aliyesema mdomo wa binti huyo haujui likizo. Baba alikuwa askari wa zimamoto. Wenzake walimwita Jabali, maana hakuna aliyewahi kumwona akitetereka.

Jumamosi moja mama alikuwa kazini. Chiriku aliinjika maharage, akanogewa na buti, akayasahau. Moshi ulipoanza kutanda, baba alitoka chumbani mbio, akamkamata mkono na kumsukuma chini ya meza.

"Lala chini! Usinyanyue kichwa!" alifoka. "Mdogo wako yuko wapi? Yule mwingine yuko wapi?"

Chiriku alipigwa na butwaa. Hakuwa na mdogo wala mkubwa. Alikuwa mtoto wa pekee. Baba alimwaga ndoo nzima ya maji jikoni, kisha akaanza kupekua nyuma ya kochi, uvunguni mwa kitanda, hata kabatini, akimtafuta mtoto asiyekuwapo. Mara akasimama, akaitazama ile ndoo mkononi, akaketi kwenye maji sakafuni.

"Mwanangu, haya yaishie humu humu," alisema. "Hata mama yako asijue. Wakisikia kazini wataniita mwendawazimu."

Chiriku alichukua tambara akaanza kukausha maji.

Saa nane mchana baba alikwenda zamu, akasahau chakula chake. Chiriku alikichukua akamfuata. Je, baba akimtafuta mtoto asiyekuwapo ndani ya nyumba inayoungua kweli, nani atamtoa yeye?

Uani kituoni askari walikuwa wakiosha mipira ya maji. Desturi yao ni moja: mpira hushikwa na wawili, motoni na hata wakati wa kuuosha. Mkuu wa kituo alishika upande mmoja, na upande wa pili alikuwapo mama mmoja mnene aliyevaa gambuti. Baba alikuwa pembeni akifunga kamba za buti.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Chiriku. Mbona leo kimya hivyo? Umemeza kufuli?"

Yakamtoka yote: moshi, ndoo, kabati, mtoto wa pili. Baba aliinua kichwa, uso umemshuka kwa aibu.

"Jabali, leo hupandi gari," Mkuu alisema taratibu. "Wala hufukuzwi kazi. Huyu mama ni mshauri nasaha wetu, wa kusikiliza yanayotuumiza moyoni. Wakubwa walipompa ofisi na fomu, alikaa miezi miwili bila kuona mtu. Nani angekubali kuonekana akigonga mlango ule? Ndipo akaja kuosha mipira nasi. Mimi nazungumza naye, huu mwezi wa tatu."

"Hata wewe, Mkuu?" Baba alibaki mdomo wazi. Chiriku naye alishtuka upya. Mkuu, mwenye sauti kama king'ora!

"Hata mimi."

Mshauri akasogea. "Sitakuuliza kitu, baba. Shika huku tu."

Baba akashika. Waliosha mita kumi, mita ishirini.

"Watoto walikuwa wawili," baba alisema mwishowe. "Nilimtoa mmoja." Akalia mbele ya wenzake, na hakuna aliyemcheka.

Mkuu alimsindikiza Chiriku hadi getini.

"Baba atanikasirikia?"

"Labda hadi jioni. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Hapa hatumruhusu mtu aingie kwenye moshi peke yake. Baba yako alikuwa akiingia kwenye moshi wa kumbukumbu kila siku, bila mwenzake. Siri inayomuumiza mtu, mwambie mkubwa unayemwamini. Huko si kumsaliti, ni kumshikia mpira."

Ilichukua miezi. Baba alirudi garini, na uani, kwa mshauri, hakukosa hata wiki moja. Kisha siku moja Chiriku aliunguza maharage tena. Baba alisita mlangoni, akaingia jikoni, akazima jiko, akafungua dirisha.

"Mpishi gani wewe, kazi yako kunitafutia kazi?" baba alisema, akakamata sikio moja la sufuria kwa kitambaa. "Njoo. Shika upande wa pili."