Kiu ya Norton

Norton Commando ilipita kizuizini kwa kasi, na askari wakaipungia mkono.

Wapumbavu! Wangempungia hata Ibilisi, mradi apande pikipiki kuukuu ya Kiingereza iliyong'arishwa.

Nyuma yake, juu ya pikipiki nyingine, BSA Gold Star, jasusi Sindano hakuwa na haraka. Aliyekuwa juu ya Norton alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Redio ikakoroma ndani ya kofia.

"Sindano, mpaka huo unakaribia. Mpige risasi ya tairi!"

"Akianguka na ule mzigo, Mkuu, hatuokoti hata ukucha. Fungeni pampu za kituo cha mafuta kilicho mbele."

"Basi, hivyo tu?"

"Basi."

Sindano alikuwa amejiunga na klabu ya pikipiki ya kaka yake kwa amri ya Mkuu. Kaka alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akamfundisha gia za mguu wa kulia, akamfundisha kuisikiliza injini kabla ya kuilaumu, akampa ile BSA bure. Na Sindano, Mungu amsamehe, alizipenda kweli zile mashine, mngurumo wake na harufu ya oili ya moto.

Kisha akaona jambo. Norton ilikuwa na tangi la lita ishirini na nne, lakini kila safari ndiyo iliyoomba mafuta kwanza. Nusu ya tangi ilibeba vilipuzi, vya kuteketeza soko zima ng'ambo ya mpaka.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya huyu ilikuwa ya nusu tangi.

Norton ikaingia kituoni, ikatoka vilevile ilivyoingia. Kwenye kona ikakohoa. Ikakohoa tena.

Ikazima.

Sindano akasimama. Kaka akageuka, uso ukamchanua.

"Afadhali wewe, mdogo wangu! Wamefunga pampu, washenzi wale. Nitolee lita mbili tu."

Sindano akatoa Beretta.

Kaka akaitazama bastola, kisha akamtazama yeye.

"Kumbe ulikuja klabuni kwa ajili ya hili."

"Ndiyo."

"Na mimi nikajiona nimepata ndugu."

"Mikono juu, kaka."

Alimchukia kaka yake, na alijichukia zaidi.

Land Cruiser mbili za kikosi zikafika. Mafundi wa mabomu wakalipasua tangi, vilipuzi vikatoka vimezungushiwa nailoni.

"Kazi safi," Mkuu akasema redioni.

Sindano akavua kofia. Simu ikatetemeka mfukoni. Mama.

"Chakula kinapoa, nyie! Kaka yako mbona hapokei simu? Uko naye?"

Sindano akamtazama kaka akipakiwa garini, pingu mikononi.

"Niko naye, mama."

"Haya, mchunge kaka yako. Tangu muanze kupanda pikipiki pamoja, mwenzenu nalala usingizi."

"Sawa, mama."

Akakata. Akavaa kofia, akaipiga BSA kiki moja, ikawaka. Akaondoka taratibu, na wala hakugeuka nyuma.