Mawe ya Mzee Moloimet

Maopareta wa zamani wakikutana Karatu kwenye kahawa, midomo haifungwi. Huyu atakwambia alivyoteremsha katapila kwenye kingo za kreta breki zimekatika, yule atakwambia greda lake lilivyozama Buger mpaka kuku wakatua juu ya bomba la moshi. Waongo wakubwa, lakini watamu kuwasikiliza. Marijani naye si haba wa maneno. Muulize mashine yoyote aliyowahi kuiendesha, atakupa. Ila ukimtajia kile kijiko cha njano walichochimbia barabara ya Arash, mwaka ule baada ya vita vya Kagera, atanyanyuka aende kuswali hata kama adhana bado.

Jioni hiyo alikwenda kupiga grisi tu.

Kijiko kilikuwa kimeegeshwa barabarani, mbali kidogo na kambi, juu ya mteremko. Starta ilikuwa imekufa na spea hazikupatikana nchi nzima, kwa hiyo kila jioni kiliachwa penye mteremko, ili asubuhi kiachiwe kiserereke mpaka injini ikubali. Marijani alibeba bomba la grisi na tochi yenye betri zilizochoka. Jua lilikuwa linazama, na ng'ombe walishaingia maboma.

Alipofika hakutazama upande wa kulia wa barabara. Alikuwa hajautazama tangu juzi.

Pale palikuwa na rundo la mawe. Siku ya kwanza kabisa ya kazi, Koinet, kijana wa Kimasai aliyelinda mashine, alimshika mkono akampeleka kulitazama.

"Hii usiguse kabisa," alimwambia. "Hapa iko kaburi ya mzee Moloimet, laiboni wetu. Alikuwa anaona mambo kabla haijafika. Ukipita, weka jiwe. Ndiyo salamu yake."

Marijani aliweka jiwe. Akaendelea kuweka kila alipopita, mwanzoni kwa mzaha, baadaye kwa mazoea. Koinet alifurahi. Akawa anamletea maziwa kwenye kibuyu, akamwita rafiki, na Koinet hakuwa mtu wa kutumia neno hilo ovyo.

Kisha masika yakaanza. Lori likazama kwenye udongo mweusi, na msimamizi wao, Piusi, akawa anapiga kelele apewe mawe. Machimbo yalikuwa mbali na dizeli ilikuwa imebaki kidogo. Koinet siku hiyo alikuwa kwao, ameshikwa na homa. Marijani akalitazama rundo. Hakuna aliyemdanganya, na wala hakuwa mgeni wa mambo. Alijua vizuri kuliko wote waliokuwapo. Akashusha baketi ya mbele, akazoa.

Rundo lililojengwa na salamu za watu wengi liliisha mara moja. Mawe yakamwagwa topeni, lori likapita juu yake.

Wazee wa boma walipokuja hawakupaza sauti. Mmoja aliuliza tu, "Nani alikupa?"

Marijani aliziona sime viunoni mwao.

"Koinet," akasema. "Alisema tuchukue."

Moyoni alijitetea. Ni mtoto wao. Damu nzito kuliko maji, watamkaripia yaishe. Wazee walitazamana.

"Sisi hatugombani na wewe," yule mzee akasema. "Mwenye mawe atauliza mwenyewe."

Ndiyo maneno aliyokuwa akiyakwepa jioni hiyo, amelala chali chini ya mkono wa nyuma wa kijiko, akisukuma grisi kwenye pini, huku akijiahidi kwamba kesho atakwenda bomani kumjulia hali Koinet na kusema ukweli. Kesho. Jana pia alisema kesho.

Ko.

Akaacha kusukuma.

Jiwe lilikuwa limeanguka ndani ya baketi ya mbele. Sauti hiyo haimpotei opareta, hata akiwa usingizini.

Ko... ko.

"Nani hapo?" akauliza. Sauti ilitoka nyembamba, hata yeye aliionea aibu.

Akatambaa akatoka, akamulika. Baketi ilikuwa tupu. Hapakuwa hata na kokoto. Ndipo harufu ikamfikia: mafuta ya kondoo, na udongo mbichi, kama wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

Akageuka kulia. Hakutaka, shingo iligeuka yenyewe.

Katikati ya ule uwazi uliobaki alikuwa amesimama mzee, amejifunika blanketi mpaka kichwani. Miguu yake ilikuwa na tope jeusi hadi magotini.

"Shikamoo, mzee."

Mzee akainama, akapapasa udongo pale mawe yalipokuwa.

"Unatafuta nini, mzee wangu?"

"Nasikia baridi," mzee akanong'ona. "Nani alikupa?"

Hapo ndipo pa kusema. Marijani analijua hilo mpaka leo, na ndilo linalomla. Ukweli ulikuwa mdomoni, mfupi, neno moja. Lakini woga ukishazoea njia hauulizi tena.

"Koinet," akasema.

"Koinet yupi?"

"Wa... wa Naisenya. Boma lile la kilimani."

"Nimesikia."

Mzee akageuka, akaanza kupanda kuelekea kilimani. Alitembea taratibu kama mtu anayekwenda kwa jamaa zake. Nyasi alizozikanyaga hazikulala.

Marijani alibaki ameshika bomba la grisi. Kisha akili ikamrudia, na pamoja nayo hofu nyingine, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Amempeleka kwa Koinet.

Angekimbia. Alikuwa bado kijana, miguu yake ingemfikisha upesi. Lakini kwa miguu angelazimika kumpita yule mzee kwenye njia nyembamba, blanketi kwa bega, na hilo hakuliweza. Akaparamia kijiko. Mteremko nao ulielekea kambini, kinyume na kilima, kwa hiyo ili awahi ilibidi kwanza arudi nyuma. Akaachia breki. Mashine ikaserereka, ikazidi kulipa boma mgongo, chuma kikilia.

"Waka," akaomba. "Waka, mama yangu, waka..."

Ikawaka. Akageuza, akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kijiko hakina haraka hata nyumba ikiungua. Kilipita juu ya yale mawe, akayasikia moja moja chini ya matairi, akapiga kelele, "Ni mimi! Mzee, ni mimi nilichukua!" Injini ikameza maneno yote. Taa ilikuwa moja, ikamulika njia nzima mpaka juu.

Hapakuwa na mtu njiani.

Bomani mbwa hawakubweka. Walikuwa wamejibanza kwenye uzio wa miiba, mikia katikati ya miguu. Marijani akazima mashine akaruka. Naisenya, mama yake Koinet, alikuwa mlangoni ameshika kibatari.

"Yeyo," Marijani akahema, maana alimwita mama kama Koinet alivyomwita. "Koinet yuko wapi?"

Mama akainua mkono. "Usiseme hiyo jina tena."

Alikuwa amekaa na Wamasai vya kutosha kujua ni jina la nani huwa halitajwi tena.

Ndani mlikuwa na moshi. Koinet alilazwa kwenye kitanda cha ngozi, uso umetulia, shuka nyekundu imefika kidevuni.

"Homa ilikuwa inashuka," Naisenya akasema polepole, akiyatafuta maneno ya Kiswahili. "Mchana alikunywa uji. Saa hii akaja mgeni, mzee. Mimi sikuona uso. Akauliza mtoto, ni wewe ulitoa mawe yangu? Mtoto akasema, nani amesema hivyo? Mgeni akasema, Marijani."

Marijani akasogea karibu na kitanda.

"Mtoto akafikiri sana. Akasema, Marijani ni rafiki yangu, hawezi kusema uongo. Kama amesema ni mimi, basi ni mimi. Labda homa imenisahaulisha."

Akainama, akaiweka sawa shuka ya mwanawe.

"Akasema ndiyo. Akaomba msamaha, mwanangu. Halafu akalala."

Marijani akaanguka magoti. Machozi yalimtoka bila breki. "Yeyo, ni mimi. Yeye alinikataza. Nilichukua mimi, nikaogopa, nikamtaja yeye."

Alingoja kupigwa. Alitamani kupigwa. Naisenya akasogea kando, akaweka kibatari karibu na uso wa kijana.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mwambie yeye. Amekufa akidhani ni yeye."

Marijani akamshika Koinet mkono. Bado ulikuwa na joto kidogo. Nyuma yake, nje ya mlango, akasikia mtu akijikalisha chini kwa tabu, kama wazee wanavyokaa, na ile harufu ya udongo mbichi ikaingia ndani. Naisenya naye aliisikia, akafunika pua kwa nguo yake.

Marijani akaanza kusema. Alisema polepole, akirudia kila neno, maana aliyekaa nje alikuwa anamngoja amalize.