Cherehani ya Anaclet

Siku mbili baada ya mtoto Chanda kuumia kichwa, maji yalianza kudondoka puani mwake. Tundu moja tu, maji maangavu, na kila alipoinama yaliongezeka. Ilikuwa Desemba 1961, vita vya Katanga kujitenga vimeingia mpaka mji unaoitwa leo Lubumbashi. Ndege zilipopita juu ya Kamalondo, mama yake, Wivine, alimsukuma chini ya cherehani, na paji la uso likagonga chuma.

Cherehani hiyo haikuwa yao. Godefroid, baba wa mtoto, aliichukua kwa jirani yao, fundi Anaclet, huyo alipokimbilia kambi ya wakimbizi, akisema anamtunzia tu. Anaclet akafia kambini, na Godefroid akaendelea kutunza. Binadamu tunajuana.

Edith, bibi yake Chanda, hakuyapenda yale maji.

"Ni nguvu ya mutoto inatoka," akasema, akaziba tundu kwa kipande cha kitambaa. Maji yakakoma, wote wakafurahi.

Ijumaa mchana mtoto akawaka homa. Shingo ilikakamaa, mwanga ulimliza, nyumba ikanuka chuma kilicholowa, na Wivine, aliyempakata huku mlango umefungwa kwa hofu ya risasi, akasikia kanyagio la cherehani likipanda na kushuka, taratibu, kama fundi anavyomalizia pindo, na hapakuwa na mguu juu yake.

"Mama," Chanda akanong'ona, "Papa Anaclet iko naniita."

"Usimuitikie, mwana wangu."

Akaletwa Kalaba, mganga wa mtaa wa pili. Alichomoa kitambaa, kikatoka na usaha. Akakinusa, akaitazama cherehani.

"Kuko mambo mbili," akasema chinichini. "Hii usaha, mumupeleke ku lopitalo sasa. Miye siiwezi. Ule anaita, nitamufukuza, lakini mashini irudi kwa muke wake. Leo."

"Itarudi," Godefroid akaapa, na alimaanisha. Akambeba mtoto kwenda hospitali, akapita vizuizi vya askari mkono mmoja juu.

Chanda hakufa. Penisilini ilishusha homa, lakini masikio yalikuwa yamekufa. Daktari aligonga sahani nyuma ya kichwa chake, hakushtuka. Wivine alilia, kisha akashukuru.

Vita vilipopoa, watu walileta nguo nyingi za kushonwa, na cherehani ilikuwa bado pale pale ukutani.

"Wiki ijayo," Godefroid alimwambia mkewe.

Adhuhuri moja Wivine alimwita Chanda aje kula. Akamwita tena, ndipo akakumbuka, moyo ukamuuma. Mtoto alikuwa ameketi akiipa cherehani mgongo, anachezea vifungo.

Mara akageuka.

"Eh, Papa Anaclet," akaitikia. "Niko nakuya."

Akajifuta pua kwa kiganja. Kiganja kikalowa maji maangavu.