Ndoo ya Benitha

Haya yalimpata rafiki yangu wa Gitambi, Maman Benitha. Bado tunamwita hivyo, ingawa Benitha wake tulimzika mwaka juzi, akiwa na miaka tisa tu.

Mtoto yule alikuwa na mchezo wake. Kila mama yake alipotaka kukamua, yeye aligonga kitako cha ndoo mara tatu, na ng'ombe wao Gaju aliitikia kwa mlio mmoja mrefu.

Gaju naye alipokaribia kufa, daktari wa mifugo alimkata kipande cha ngozi ya sikio akaenda nacho kwenye maabara. Mwaka uliofuata akaleta ndama aliyetengenezwa kwa ngozi ile: Gaju yule yule, kwa rangi na macho.

"Na muntu, Docteur?" Maman Benitha aliuliza kwa sauti ya chini. "Munaweza kumurudisha vile?"

Daktari aliinamisha kichwa. "Hata tungeweza, Maman, angekuwa mutoto mwingine mwenye sura yake. Hata huyu ndama hakujui. Mwili tu ndio unarudi."

Jumamosi mchana, mawingu ya mvua yalipotanda, Maman Benitha alimpelekea ndama maji. Ndani ya zizi mlikuwa na giza totoro. Alipoingia tu, akasikia: ngo, ngo, ngo.

Ndama akaitikia kwa mlio mmoja mrefu.

"Benitha, mwanangu?"

Ngo, ngo, ngo.

Nyumba ile ina ndoo moja tu. Alikuwa ameishika mkononi, na kwa kila ngo, maji yake yaliruka.